Fsck imesema "clean", lakini faili ziko wapi?

Umeme umekatika katikati ya kazi. Kompyuta inawashwa tena, nembo inapita, kisha skrini inageuka nyeusi na maandishi yanasimama hapo:

```
/dev/sda2: Inodes that were part of a corrupted orphan linked list found.
/dev/sda2: UNEXPECTED INCONSISTENCY; RUN fsck MANUALLY.
        (i.e., without -a or -p options)
```

Chini yake kuna `(initramfs)` na alama inayowaka na kuzima. Aliyekaa mbele ya skrini anachukua simu, anatafuta, na jibu la kwanza ni lile lile wanalopata wote: andika `fsck -y /dev/sda2` (fsck ni programu ya Linux ya kukagua na kukarabati mfumo wa faili), subiri, washa upya. Anaandika. Mistari inakimbia haraka kuliko macho, mwishoni inatokea `FILE SYSTEM WAS MODIFIED`, kompyuta inawaka, na shukrani zinamiminika.

Ushauri huu umenisumbua kwa wiki kadhaa. Si wa uongo, na mara nyingi unafanya kazi. Kinachonisumbua ni kwamba ile `-y` imejibu maswali, pengine mia, kwa niaba ya mwenye faili, na hakuna aliyeyasoma.

Yalikuwa yanauliza nini?

## Fsck haizijui faili zako

Kwenye diski ya ext4, mfumo wa faili wa kawaida wa Linux, kuna vitu vya aina mbili. Kuna yaliyomo ndani ya faili, na kuna kumbukumbu zinazoeleza yaliyomo hayo yako wapi: inodi (rekodi ya kila faili: mmiliki, ukubwa, tarehe na bloki zake), saraka, ramani za bloki zilizo huru, hesabu za kila kundi la bloki, na superbloki inayoeleza mfumo mzima. `e2fsck`, programu ambayo `fsck` huiita ikikutana na ext2, ext3 au ext4, hushughulika na hizo kumbukumbu peke yake. Hupita hatua tano. Ya kwanza hukagua inodi, bloki na ukubwa. Ya pili muundo wa saraka. Ya tatu huangalia kama kila saraka inafikika kutoka kwenye mzizi, ya nne huhesabu majina yanayoelekea kwenye kila inodi, na ya tano hulinganisha ramani na jumla za makundi.

Hakuna hatua ya sita inayofungua picha yako kuona kama bado ni picha.

Hata daftari la ext4, ile sehemu ambamo mabadiliko huandikwa kwanza kabla ya kuwekwa mahali pake, kwa mpangilio wa kawaida wa `data=ordered` hubeba kumbukumbu tu. Ndiyo maana faili inaweza kuwa na jina sahihi, ukubwa sahihi na tarehe sahihi, ndani ikawa sifuri tupu, na e2fsck ikapita bila kusema neno.

La kusumbua zaidi ni hili: e2fsck ikikuta mgongano, lengo lake ni muundo ulingane. Na njia fupi ya kulinganisha muundo, mara nyingine, ni kufuta kisicholingana.

## Neno "clean" limesomwa tu

Endesha `e2fsck /dev/sda2` kwenye patisheni iliyofungwa vizuri, nayo itakujibu papo hapo:

```
/dev/sda2: clean, 213451/1220608 files, 3120884/4882432 blocks
```

Hapo haijakagua chochote. Imesoma hali iliyoandikwa kwenye superbloki, ikaikuta inasema kila kitu ni salama, ikaondoka. Ukaguzi wa kweli unahitaji `-f`. Bila herufi hiyo, diski yenye saraka mbovu inaweza kukujibu "clean" mwaka mzima, mradi kerneli (kiini cha Linux) haijawahi kuigusa saraka hiyo na kulalamika.

Angalia hali halisi kwa `tune2fs -l /dev/sda2`. Soma `Filesystem state`, `Last checked`, na kama ipo, `FS Error count`. Watu wengi hushtuka kuona kwamba tarehe ya ukaguzi wa mwisho ndiyo tarehe mfumo ulipoundwa. Sababu ni kwamba `mke2fs` ya siku hizi huzima ukaguzi wa mara kwa mara: `Maximum mount count` huwa -1 na `Check interval` huwa 0. Kuurudisha ni rahisi: `tune2fs -c 30 -i 3m /dev/sda2` huagiza ukaguzi kila baada ya kupachikwa (mount) mara 30 au miezi 3, lolote litangulie. Lakini tazama pia safu ya sita kwenye `/etc/fstab`. Ikiwa 0, patisheni hiyo haiingii kwenye foleni ya ukaguzi kamwe wakati wa kuwaka, hata ukiweka kikomo kwa `tune2fs`. Mzizi huwekwa 1, nyingine 2.

## Kwanza diski yenyewe

Hapa ndipo `fsck -y` ya haraka huleta hasara kubwa kuliko zote.

Mfumo wa faili unaweza kuharibika kwa sababu umeme ulikatika, na diski ikawa nzima kabisa. Unaweza pia kuharibika kwa sababu diski inakufa. Dalili kwenye skrini hufanana. Tiba hazifanani hata kidogo, kwa sababu ukarabati kwenye diski inayokufa ni kuiandikia diski ambayo haishiki maandishi, na kuisomesha mara nyingi diski ambayo imebakiza usomaji mchache.

Kwa hiyo amri ya kwanza ni `dmesg`, inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Ukiona `EXT4-fs error` peke yake, tatizo linaweza kuwa la muundo. Ukiona `I/O error, dev sda, sector` ikifuatwa na namba, diski imeshindwa kusoma. Kisha `smartctl -a /dev/sda`, inayosoma taarifa za afya ambazo diski hujiwekea yenyewe. Kwenye diski za SATA tazama `Reallocated_Sector_Ct`, `Current_Pending_Sector` na `Offline_Uncorrectable`. Mstari wa `PASSED` pale juu usikutulize. Diski yenye sekta nyingi zinazosubiri inaweza kabisa kuandikwa `PASSED`. Na kama kinachopanda ni `UDMA_CRC_Error_Count`, shuku kebo kabla ya diski: badilisha kebo, kisha uone kama namba hiyo imeacha kupanda. Haitarudi sifuri.

Diski ikionekana mgonjwa, usiikarabati. Inakili.

```
ddrescue -n /dev/sda /mnt/nje/sda.img /mnt/nje/sda.map
ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/nje/sda.img /mnt/nje/sda.map
```

Mzunguko wa kwanza huchukua yanayosomeka kwa urahisi na kuacha kukwangua penye shida. Wa pili hurudi penye shida na kujaribu tena mara 3. Ile faili ya `.map` ndiyo inayokumbuka kipi kimesomwa na kipi bado. Ukiipoteza, mzunguko wa pili utaanza upya na kuichosha diski bure. Ukimaliza, `losetup -fP --show /mnt/nje/sda.img` itakupa kifaa kama `/dev/loop0`, na ukarabati wote utafanyika kwenye `/dev/loop0p2`. Diski halisi ichomolewe na ikae.

Kuna wanaopendekeza `e2fsck -c`, inayotafuta bloki mbovu na kuziandika kwenye orodha zisitumike. Kwa diski za leo siioni faida yake. Diski yenyewe hubadilisha sekta mbovu kwa za akiba. Ikifikia hatua ya kushindwa kufanya hivyo, dawa ni kuihama.

## Iliyopachikwa haikarabatiwi

`e2fsck` ikikuta patisheni imepachikwa kwa kuandikwa, hukataa na kujitoa. Wapo wanaotafuta njia ya kuilazimisha. Kerneli ina nakala yake ya kumbukumbu kwenye RAM na itaendelea kuiandika juu ya kile ulichokarabati. Hapo unakuwa na waandishi wawili wasioonana, na uharibifu unaotokea hupita ule ulioanza nao.

Ondoa kwa `umount`. Ikikataa, `fuser -vm /mahali` itakuonyesha programu zinazoishikilia. Kwa mzizi, washa kutoka kwenye flashi yenye Linux, au ongeza `fsck.mode=force` kwenye mstari wa kerneli ndani ya GRUB (programu inayoiwasha Linux) ili systemd, inayoanzisha huduma za mfumo, ikague kabla ya kuendelea.

Na kerneli ikikuta kosa, ikageuza patisheni kuwa ya kusoma tu kwa sababu ya `errors=remount-ro`, usiirudishe kwa `mount -o remount,rw` eti umalizie kazi. Imegeuka hivyo ili isiharibu zaidi.

## Ukaguzi wa -n nao hupotosha

Ushauri wa kawaida wa watu waangalifu ni kuanza na `e2fsck -fn`, inayofungua kwa kusoma tu na kujibu "hapana" kwa kila swali. Ni ushauri mzuri, lakini una mtego.

Kompyuta ikizimika ghafla, daftari hubaki na mabadiliko ambayo hayajawekwa mahali pake. `-n` hairuhusiwi kuandika, hivyo haiwezi kuyaweka. Itasema yenyewe: `Warning: skipping journal recovery because doing a read-only filesystem check.` Kisha itakuorodheshea makosa mengi, na sehemu kubwa ya hayo si makosa. Ni mabadiliko yaliyokuwa yakisubiri zamu. Mtu anaona kurasa za makosa, anaingiwa na hofu, anakimbilia `-y`.

Ukishaijua diski kuwa nzima, tekeleza daftari kwanza, peke yake:

```
e2fsck -E journal_only /dev/sda2
e2fsck -fn /dev/sda2
```

Kinachobaki baada ya hapo ndicho kidonda cha kweli, na mara nyingi hakuna kinachobaki.

Kuna mtego wa pili unaokaa upande wa pili wa jambo hili hili. Wengi hupachika kwa `mount -o ro` wakiamini hakuna kitakachoandikwa. Ext4 hutekeleza daftari hata kwa `ro`, na diski hubadilika. Ukitaka isiguswe kweli, andika `mount -o ro,noload`. Kwa XFS ni `ro,norecovery`. Ukitaka kujilinda zaidi, tangulia na `blockdev --setro /dev/sda2`.

## Nilikotaka kuipiga marufuku -y

Msimamo ulioonekana safi ni huu: usitumie `-y` kamwe, soma kila swali, jibu mwenyewe.

Haushikiki. Mfumo ulioumia vibaya huuliza maswali maelfu. Hakuna mtu anayejibu swali la mia tatu kwa makini kama la kwanza. Kidole hugeuka kuwa `-y` polepole. Tena maswali mengine yamefungamana: ukikataa moja, hatua zinazofuata zinakagua muundo ambao bado una kasoro, na majibu yake yanachanganya zaidi.

Kwa hiyo nimeacha kuilaumu `-y`. Kinachokosekana ni kinachotakiwa kutangulia.

`-p`, ambayo ndiyo hutumika kompyuta inapowaka, hurekebisha yale tu ambayo hayahitaji uamuzi wa mtu, na ikikuta zito husimama na kuacha ule ujumbe wa `RUN fsck MANUALLY`. Ujumbe huo ni programu inasema: hapa kuna chaguo, na chaguo lolote linaweza kupoteza kitu. Kuujibu kwa `-y` bila maandalizi ni kuirudishia uamuzi uliokataa kuufanya.

Maandalizi yenyewe si mazito. La kwanza ni mazoezi:

```
e2image -r /dev/sda2 /mnt/nje/sda2.e2i
e2fsck -fy /mnt/nje/sda2.e2i
```

`e2image -r` hunakili kumbukumbu tu, bila yaliyomo ndani ya faili. Ukiitazama kwa `ls -l` utaona ukubwa wa patisheni nzima, lakini kwenye diski inachukua sehemu ndogo, kwa sababu sehemu kubwa yake ni mashimo matupu. Usiinakili kwa programu isiyojua mashimo, la sivyo itavimba ijaze diski. Kwa kuwa e2fsck haitazami yaliyomo, mazoezi hayo huuliza maswali yale yale ya ukarabati halisi. Yakiisha, pachika picha hiyo kwa `mount -o ro,loop` na utazame: saraka zipi zimebaki, zipi zimehamia `lost+found`, jina lipi limetoweka. Usifungue faili humo; hazina kitu. Unatazama majina.

La pili ni njia ya kurudi:

```
e2fsck -f -z /mnt/nje/sda2.undo /dev/sda2
```

Kila bloki inayokaribia kubadilishwa huhifadhiwa kwanza kwenye hiyo faili. Matokeo yakiwa mabaya, `e2undo /mnt/nje/sda2.undo /dev/sda2` huirudisha patisheni ilivyokuwa. Faili hiyo ikae kwenye diski nyingine, na usiitegemee kama umeme utakatika tena katikati ya ukarabati. Kwa hilo hakuna mbadala wa nakala kamili.

Ukiwa na hayo mawili, andika `-y` bila wasiwasi. Na kama patisheni ina kashe tu, au vitu unavyoweza kuvipakua upya, andika `-y` tangu mwanzo na uendelee na shughuli zako.

## Maswali yenyewe

Si yote yana uzito sawa.

`Free blocks count wrong`, `Free inodes count wrong` na `Block bitmap differences` ni hesabu. Zikija peke yake, jibu ndiyo. Ramani inaundwa upya kutokana na inodi zilizokwisha kukaguliwa. `Deleted inode ... has zero dtime` ni mabaki ya faili iliyokuwa ikifutwa. `extent tree (at level 1) could be shorter` si kosa hata kidogo, ni pendekezo la kupanga vizuri. `Problem in HTREE directory inode` inahusu faharasa ya saraka, na faharasa huundwa upya kutokana na majina yaliyopo.

Sasa haya mazito.

`Entry 'ripoti.odt' in /home/kazi (131075) has deleted/unused inode 131390. Clear<y>?` Jina lipo, inodi yake imeandikwa kuwa haitumiki. Ukikubali, jina linaondoka. Kabla ya hapo fungua terminali nyingine na uulize `debugfs -R 'stat <131390>' /dev/sda2`. Ukiona ukubwa na orodha ya bloki bado vipo, jaribu kuitoa kwa `debugfs -R 'dump <131390> /mnt/nje/ripoti.odt' /dev/sda2`. Ukiona sifuri mtupu, ruhusu jina liende. `debugfs` hufungua kwa kusoma tu usipoipa `-w`, hivyo kuuliza hakudhuru.

`Multiply-claimed block(s) in inode` ndiyo inayostahili kalamu na karatasi. Maana yake faili mbili zinadai bloki moja. E2fsck huanza mizunguko ya ziada, 1B, 1C na 1D, na kukutajia faili zote zinazohusika pamoja na tarehe zake. Kisha huuliza `Clone multiply-claimed blocks<y>?` Ukisema ndiyo, kila faili inapewa nakala yake ya bloki ile. Muundo umelingana. Lakini yaliyomo kwenye bloki yalikuwa ya faili moja tu, kwa hiyo nyingine sasa imebeba kipande cha mwenzake katikati yake, na hakuna alama yoyote itakayokuambia ni ipi. Andika majina yote mawili. Yenye tarehe ya karibuni zaidi ndiyo huenda iliandika mwisho, nyingine irudishe kutoka kwenye nakala rudufu. Ukikataa kunakili, swali linalofuata litakuwa kama ufute faili, na hilo usilikubali kwa haraka.

Na ukiona swali la kufuta inodi 2, simama. Hiyo ndiyo saraka ya mzizi. Hapo kuna mengi zaidi yaliyoharibika, na pengine unaangalia kifaa kisicho chenyewe.

## Superbloki ikikataa

`Bad magic number in super-block` huogopesha, lakini sababu ya kwanza ya kushuku ni kwamba umeandika jina la diski nzima, `/dev/sda`, badala ya patisheni. Ya pili: patisheni si ext4, ni LUKS (iliyosimbwa), au LVM (patisheni zinazounganishwa na kugawanywa upya), au XFS (mfumo mwingine wa faili). `lsblk -f` na `blkid` zitakuonyesha. Kuendesha e2fsck kwa nguvu juu ya patisheni iliyofungwa kwa LUKS ni kuharibu kilichokuwa kizima.

Ikiwa kweli ni ext4 na superbloki imeharibika, nakala zake zipo. Kwa bloki za baiti 4096, kila kundi lina bloki 32768, na nakala hukaa mwanzoni mwa makundi machache: 32768, 98304, 163840, 229376, 294912, 819200, 884736 na kuendelea. Kwa bloki za baiti 1024, ya kwanza ni 8193.

```
e2fsck -n -b 32768 -B 4096 /dev/sda2
```

Ikikubali kusoma, fuata njia ile ile ya mazoezi na `-z`, kisha rudia bila `-n`. Utaona mahali pengi wakikushauri utafute nakala hizo kwa `mke2fs -n`. Herufi hiyo `n` peke yake ndiyo inayotenganisha kuorodhesha na kuunda mfumo mpya juu ya faili zako. Jaribu kwanza namba nilizotaja. Na diski zako zikiwa bado nzima, hifadhi matokeo ya `dumpe2fs -h` na `lsblk -f` mahali pengine.

## Ndani ya lost+found

Kwenye ext4, jina la faili halikai ndani ya inodi. Linakaa kwenye saraka. Saraka ikipotea, faili zake hubaki na mmiliki, ruhusa, ukubwa na tarehe, ila majina hayapo tena. E2fsck huzipa namba ya inodi: `#262147`.

Kuna jambo la kufariji humu. Saraka ikiokolewa nzima, inayopoteza jina ni yenyewe tu. Vyote vilivyo ndani yake vina majina yao, kwa sababu majina hayo yameandikwa ndani yake. Kwa hiyo anza na saraka:

```
find lost+found -maxdepth 1 -type d
find lost+found -maxdepth 1 -type f -exec file {} +
```

`file` husoma baiti za mwanzo na kukuambia kama ni PDF, JPEG au hifadhidata ya SQLite. Ukiandika jina moja moja, anza na `./`, maana `file #262147` itachukuliwa na sheli kama maoni na haitaona jina lolote. Kisha zifungue kweli. Aina kutambulika hakumaanishi faili ni nzima; jaribu `unzip -t` kwa faili za zip na odt, na `PRAGMA integrity_check` kwa SQLite.

Kwa SSD, kabla ya yote hayo, zima `fstrim.timer` na usipachike kwa `discard`. Ukarabati ukishatangaza bloki kuwa huru, TRIM huiambia SSD izitupe, na programu za kufukua faili hazitakuwa na cha kufukua. Kazi hiyo hujiendesha yenyewe kila wiki kwenye mifumo mingi.

## XFS na Btrfs zina desturi nyingine

`fsck.xfs` kwa kawaida haifanyi kitu. Hurudisha mafanikio na kuondoka, na ndivyo ilivyokusudiwa. Chombo chenyewe ni `xfs_repair`, na `xfs_repair -n` hukagua bila kuandika. Ikikukatalia kwa sababu daftari lina mabadiliko, pachika patisheni, iondoe, jaribu tena; kupachika ndiko hutekeleza daftari. `-L` hulitupa daftari lote. Iache hadi kupachika kushindikane kabisa, na uwe na nakala.

Kwa Btrfs, hofu yangu ni kubwa zaidi, kwa sababu watu huja na mazoea ya ext4 na kuandika `btrfs check --repair` kama hatua ya kwanza. Nyaraka zake zenyewe zinaonya usiitumie bila kushauriwa na anayeifahamu. Anza na `btrfs device stats`, kisha `btrfs scrub start -B /mahali` kama bado inapachikika. Scrub hukagua hata yaliyomo ndani ya faili kwa checksum (namba ya kuhakiki kwamba data haijabadilika), jambo ambalo e2fsck haliwezi. Lakini hurekebisha tu palipo na nakala ya pili, kama RAID1 (diski mbili zenye data ile ile). Isipopachikika, jaribu `mount -o ro,rescue=usebackuproot`, na ikishindikana, `btrfs restore /dev/sdb1 /mnt/nje` hutoa faili bila kuandika chochote kwenye diski ya asili.

NTFS ikarabatiwe na Windows: `chkdsk D: /f`, na `/r` kama unataka isome kila sekta, kazi inayoweza kuchukua saa nyingi. `ntfsfix` ya Linux hurekebisha mambo machache na kuagiza ukaguzi Windows ikiwaka. Si mbadala wa chkdsk. FAT kwenye flashi haina daftari kabisa, hivyo `fsck.vfat -n` kwanza, nakala, kisha `fsck.vfat -a`.

## Namba inayobaki

Ukarabati ukiisha, usitegemee maneno ya skrini. Andika `echo $?` mara moja.

Sifuri ni hakuna kosa. 1 ni makosa yamepatikana na kurekebishwa. 2 inakutaka uwashe kompyuta upya. 4 ni makosa yamebaki. 8 ni programu yenyewe imeshindwa kufanya kazi, 16 umeandika amri vibaya, 32 umeikatisha. Namba hizi hujumlishwa: 12 ni 8 na 4, yaani imeshindwa na imeacha makosa. Skripti zinazouliza "ni sifuri au si sifuri" hukosea pande zote mbili. Hupiga kelele kwa 1, ambayo ni ukarabati uliofaulu, na zile zilizowekewa `|| true` ili zinyamaze hupitisha 4 kama vile hakuna kilichotokea.

Halafu endesha `e2fsck -f` mara ya pili, kabla ya kupachika. Mfumo uliokarabatiwa hautakiwi kuwa na kosa jipya dakika chache baadaye, ikiwa hakuna aliyeugusa. Ukirudisha sifuri, pachika, linganisha na nakala rudufu, anza kurudisha vilivyopotea. Makosa mapya yakitokea, acha kukarabati. Rudi kwenye `smartctl` ulinganishe namba na zile za mwanzo, badilisha kebo, kisha kagua RAM kwa memtest86+ usiku mzima, maana RAM mbovu huandika kumbukumbu mbovu kwenye diski nzima, na kila fsck inayopita juu yake inaongeza zake.